Mechi Ikivunjika, Pointi Huenda kwa Nani? Msimu wa Fujo wa Ufaransa na Ubishi wa Baraza la Tabora

Kwenye baraza za kahawa za Tabora, kuanzia Isevya hadi Ng'ambo, kuna swali la mpira ambalo haliishi hata kahawa ikiisha: timu ya nyumbani inaongoza kwa bao moja, mashabiki wake wanafanya fujo, mechi inavunjika, je, pointi tatu ziende kwa nani? Mmoja atasema apewe aliyekuwa akiongoza, kwa kuwa bao likishaingia limeingia. Wa pili atasema apewe mgeni, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye anayejibu kilichomtokea mgeni nyumbani kwake. Wa tatu atataka irudiwe. Msimu wa 2021/22 wa Ligi Kuu ya Ufaransa ulilijibu swali hilo zaidi ya mara moja, na kila mara kwa namna tofauti, ndiyo maana unafaa kufunuliwa taratibu na mtu anayetaka kuelewa jinsi soka linavyohukumu vurugu za jukwaani.

Jibu linaanzia kwenye sheria 17 za mchezo wenyewe. Sheria ya 5 inampa mwamuzi mamlaka ya kusimamisha mechi kwa muda au kuivunja kabisa pale watu wa nje wanapoingilia mchezo. Sheria ya 7 inasema kwamba mechi iliyovunjika hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandaaji waamue vinginevyo. Kipengele hicho cha mwisho ndicho mlango ambamo kesi zote hupita, kwa sababu maana yake ni kwamba kazi ya mwamuzi inaishia kwenye kipyenga, na mambo ya matokeo, pointi na adhabu yanahamia kwenye meza ya kamati. Kwetu meza hiyo ni ya Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, ambayo mashabiki wengi wanaijua zaidi kwa jina lake la zamani la Kamati ya Saa 72.

Watu wa Tabora wanao mfano wao wenyewe wa mechi iliyovunjika, ingawa haukuhusisha fujo ya shabiki hata mmoja. Agosti 2023 timu yao, ambayo wakati huo bado ilifahamika zaidi kwa jina la Kitayosce kabla ya kuzoeleka kama Tabora United, ilianza maisha ya Ligi Kuu ugenini Chamazi dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu, kwa sababu ya matatizo ya usajili. Walipopungua hadi chini ya saba, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa na sheria, mchezo ukaishia hapo Azam ikiwa mbele kwa mabao 4-0, na ushindi ukabaki wake. Pale kosa lilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa uwanjani. Ugumu unaanza pale kosa linapofanywa na mtu asiyevaa jezi.

Agosti 22, 2021, Nice ilikuwa nyumbani ikiongoza 1-0 dhidi ya Marseille, bao la Kasper Dolberg, huku zikisalia takriban dakika 15. Dimitri Payet wa Marseille alikwenda kupiga kona mbele ya jukwaa la mashabiki lialia wa Nice, akapigwa mgongoni na chupa ya maji. Kama angeinuka na kumwita mwamuzi, huenda historia ya msimu ule ingeandikwa kwa namna nyingine. Badala yake aliiokota chupa na kuirudisha jukwaani kwa nguvu, na jukwaa likamwagikia uwanjani. Katika vurugu zilizofuata, kocha wa viungo wa Marseille alionekana akimpiga ngumi shabiki aliyeingia uwanjani. Baada ya kusubiri kwa muda mrefu, wachezaji wa Nice walirudi kuendelea na mechi, wale wa Marseille wakakataa kwa hoja ya usalama wao.

Sasa ndugu zetu wa baraza wajaribu kuhukumu. Ukimpa Nice ushindi kwa sababu aliongoza na alirudi uwanjani, umemzawadia mtu ambaye mashabiki wake ndio walioanza. Ukimpa Marseille, umesahau kwamba benchi lake lilirusha ngumi na kwamba ndiye aliyegoma kurudi. Kamati ya nidhamu ya ligi ilichagua njia ya katikati: mechi irudiwe tangu mwanzo, katika uwanja wa watu wengine, bila mashabiki. Nice ilipokwa pointi mbili, moja ikikatwa papo hapo na nyingine ikiwekwa kiporo endapo ingerudia kosa, na ikaamriwa kucheza mechi tatu uwanja ukiwa mtupu. Kocha yule wa viungo alifungiwa hadi mwisho wa msimu. Mechi ya marudiano ilichezwa Troyes, Oktoba 27, ikaisha 1-1. Bao la Dolberg, ambalo baraza lilisema halifutiki, lilifutika.

Inafaa kurudi nyuma kidogo ili ieleweke kwa nini vurugu zilifumuka katika msimu huo na si mwingine. Ligi ya Ufaransa ilisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na haikumaliziwa kabisa, tofauti na ligi nyingine kubwa za Ulaya. Msimu uliofuata ulichezwa karibu wote bila watu. Agosti 2021 majukwaa yakafunguliwa kwa mkupuo. Vijana waliokuwa na hamu ya mwaka mzima na zaidi walirudi, lakini walinzi wa uwanjani wenye uzoefu, wale wanaojua ni shabiki gani wa kubembelezwa na yupi wa kutolewa nje mapema, wengi wao walikuwa wamekwenda kutafuta riziki kwingine. Mimi nasita kuipa korona lawama yote, kwa kuwa magenge ya mashabiki wa Ufaransa yalikuwa na ugomvi wao kabla ya hapo, na kwa kuwa nchi jirani zilizopitia hali ileile hazikufika huko. Hata hivyo, moto wa zamani uliwekewa kuni kavu.

Dalili zilikuwa zimeonekana wiki mbili kabla ya tukio la Nice, pale mchezaji Valentin Rongier wa Marseille alipopigwa usoni na chupa huko Montpellier na mechi kusimama. Septemba 18 ikawa zamu ya Lens na Lille, majirani wa kaskazini: wakati wa mapumziko mashabiki walivuka uwanja kufuatana, na kipindi cha pili kikachelewa kwa takriban nusu saa. Oktoba, Saint-Étienne dhidi ya Angers ilianza kwa kuchelewa kwa saa nzima hivi kwa sababu ya fataki zilizorushwa uwanjani na mashabiki wa nyumbani waliochoshwa na matokeo mabaya. Haya nayapitia haraka kwa kuwa yalimalizika kwa mpira kuchezwa. Lililofuata halikumalizika hivyo.

Novemba 21, 2021, Lyon iliikaribisha Marseille. Kwa saa za Afrika Mashariki kipyenga kilipigwa saa nne na dakika 45 usiku, na aliyekuwa Tabora akiifuatilia mechi hiyo hakuangalia mpira hata kwa dakika kumi. Dakika za mwanzo tu Payet, yuleyule, alikwenda kupiga kona, na chupa iliyojaa maji ikampata kichwani. Mwamuzi Ruddy Buquet aliwapeleka wachezaji vyumbani. Kisha ukaanza usubirifu wa karibu saa mbili ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha msimu wote, kuliko chupa yenyewe.

Katika saa hizo mbili, swali halikuwa tena nani amekosea, bali nani mwenye kauli. Mwamuzi alikuwapo, na sheria inamtambua. Ligi ilikuwapo, na mashindano ni yake. Klabu ya Lyon ilikuwapo, na uwanja ni wake. Alikuwapo pia mwakilishi wa serikali kuu katika eneo lile, mtu anayelingana kwa karibu na mkuu wa mkoa wetu, ambaye jukumu lake si mpira bali amani ya mji; na kwa mtu wa nafasi hiyo, kuwatoa maelfu ya watu wenye hasira barabarani usiku kunaweza kuonekana ni hatari kubwa kuliko kuwaacha wakae na kutazama mpira. Ikatangazwa uwanjani kwamba mchezo utaendelea. Wachezaji wa Lyon wakatoka kupasha misuli moto. Halafu ikatangazwa kwamba hautaendelea. Usiku huohuo ligi ikamlaumu mwakilishi wa serikali kwa uamuzi wa kutaka mechi irejee, upande wa serikali ukakana kwamba uamuzi ulikuwa wake, na mwamuzi akasema kwamba kwa upande wa michezo msimamo wake siku zote ulikuwa ni kutorejea.

Ukiuondoa mpira katika kisa hiki, utaona jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaweza kulitambua: kila mmoja ana mamlaka ya kusema ndiyo, lakini hakuna aliyekubaliwa na wenzake kusema hapana. Kanuni zilikuwapo, ila zilikuwa zimegawa kazi bila kupanga nani awe wa mwisho saa zinapokwenda.

Kamati iliamua Desemba kwamba Lyon ikatwe pointi moja na mechi irudiwe bila mashabiki. Ilirudiwa Februari 1, 2022, Lyon ikashinda 2-1. Lakini uamuzi wenye uzito zaidi ulitoka serikalini Desemba 16. Kuanzia hapo, mchezaji au mwamuzi akiumizwa na kitu kilichorushwa kutoka jukwaani, mechi ivunjwe moja kwa moja bila mashauriano. Katika hali nyingine, wahusika wote wakutane na watoe uamuzi ndani ya dakika 30. Chupa za plastiki nazo zikapangiwa kuondolewa viwanjani kuanzia Julai 2022. Hatua hizo hazikusubiri muda mrefu kupata ushahidi wa umuhimu wake, maana kesho yake tu, Desemba 17, mechi ya Kombe la Ufaransa kati ya Paris FC na Lyon ilivunjika wakati wa mapumziko ikiwa 1-1 kutokana na mapigano jukwaani. Humo ndimo lilimotoka jibu la nne, ambalo baraza letu halikulifikiria: timu zote mbili zilitolewa mashindanoni, na Nice, iliyokuwa ikimsubiri mshindi, ikasonga mbele bila kutoa jasho hadi hatimaye ikafika fainali.

Mtu anaweza kuuliza kwa haki: klabu imekosa nini, ilhali aliyerusha chupa ni mtu mmoja? Hoja ya kisheria ni kwamba klabu huwajibika kwa vitendo vya mashabiki wake hata pale isipothibitika kwamba ilizembea. Hii ndiyo kanuni inayotumika karibu kote duniani, na imejengwa juu ya mantiki ya methali ya samaki mmoja akioza. Faida yake ni kwamba kamati haihitaji kumtafuta mhalifu ndipo ichukue hatua. Hasara yake ni kwamba mhalifu anaweza kukaa nyumbani akitazama mechi ya adhabu kwenye televisheni, huku anayelipa ni yule aliyenunua tiketi ya msimu na hajawahi kuinuka kwenye kiti chake. Lyon ilionyesha kwamba njia ya pili inawezekana. Kamera zilimtambua aliyerusha chupa, akakamatwa usiku uleule, na ndani ya siku chache mahakama ikampa kifungo cha nje cha miezi 6 pamoja na kupigwa marufuku kuingia viwanjani kwa miaka 5. Binafsi naona hukumu hiyo moja ilifanya kazi kubwa kuliko mechi zote zilizochezwa mbele ya viti vitupu.

Tulihamishe jambo hili hadi Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Simba au Yanga inapokuja Tabora, watu hutoka Nzega, Igunga, Sikonge, Urambo na Kaliua, na kwa siku hiyo moja mji hupata biashara isiyopatikana kirahisi siku nyingine: bodaboda, nyumba za wageni, mama lishe, wauza maji na karanga wa mzunguko. Uwanja ukifungiwa, au timu ikihamishiwa mkoa mwingine, adhabu inayoandikwa kwa jina la klabu inamalizikia kwenye beseni la muuza karanga. Tena klabu zetu nyingi hazimiliki viwanja zinavyochezea. Viwanja vingi vya mikoani ni mali ya CCM. Klabu inaadhibiwa kwa sababu ya uzio isioujenga na mageti isiyoyashika funguo, jambo linalofanya mantiki ya mwenye nyumba kuwajibika iwe na kigugumizi zaidi hapa kuliko Lyon.

Hata hivyo, uwanja wa mkoani una kitu ambacho kamera za Ulaya zinahangaika kukitafuta. Jukwaani pale watu wanajuana. Kijana wa Cheyo akirusha chupa, waliokaa naye wanajua anaishi wapi, anafanya kazi gani na pengine alisoma na nani. Kinachokosekana si macho ya kumwona, bali utaratibu unaomfanya jirani aone kwamba kumtaja si usaliti, na mlinzi aliyefunzwa ambaye atampokea bila virungu. Hilo ni suala la mafunzo na posho, ambalo halimshindi mtu kuliko kufunga kamera mia.

Wala tusijidanganye kwamba vurugu ni habari ya Wazungu. Oktoba 2016 viti vya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, viling'olewa katika mechi ya Simba na Yanga iliyoisha 1-1, na serikali ikazizuia klabu zote mbili kuutumia. Desemba 2024 viti viling'olewa tena katika mechi ya Simba na CS Sfaxien ya Tunisia. Na kisa kinachofanana zaidi na saa mbili za Lyon hakikuwa na kiti wala chupa: Machi 2025 Simba ilisema imezuiwa getini kufanya mazoezi yake ya mwisho katika Uwanja wa Mkapa, ikatangaza kutocheza, Yanga ikashikilia kwamba mechi iko palepale, na Bodi ya Ligi ikaiahirisha siku yenyewe ya Machi 8, wakati mashabiki wa mikoani walikuwa wameshasafiri. Ilichezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Hapo napo kanuni zilikuwapo, na hapo napo swali la nani mwenye kauli ya mwisho lilijibiwa kwa kuchelewa.

Lazima pia kutenganisha fujo na msongamano, kwa kuwa katika mazungumzo yetu maneno haya huchanganywa na tiba zake hazifanani. Fujo ni chupa, fataki na ngumi. Msongamano ni geti jembamba na watu wengi kuliko nafasi, nao unaweza kuua bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mei 28, 2023, kabla ya fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alifariki na 30 wakajeruhiwa katika msongamano wa kuingia Uwanja wa Mkapa. Mikasa mikubwa zaidi ya bara letu hutokea pale vitu hivyo viwili vinapokutana. Accra, Mei 9, 2001, mashabiki waliokasirika walianza kurusha viti, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, na watu 126 wakafa wakigombea kutoka. Port Said nchini Misri, Februari 1, 2012, watu 74 walikufa baada ya mashabiki wa Al Masry kuwavamia wale wa Al Ahly, na msimu mzima wa ligi ya Misri ukafutwa. Ndiyo maana kanuni za usalama za FIFA hazitaki mabomu ya machozi ndani ya uwanja, na ndiyo maana jambo la kwanza la kukagua kabla ya mechi kubwa Tabora au Kigoma si idadi ya askari, bali ni mageti ya kutokea: yako mangapi, yanafungukia upande gani, na ni nani anayeshika funguo dakika ya 80.

Ufaransa nayo ilifunga msimu wake kwa vurugu. Mei 29, 2022, Saint-Étienne iliposhindwa na Auxerre kwa penalti katika mechi ya mchujo na kushuka daraja, mashabiki wake walivamia uwanja wakirusha fataki, na timu ikaanza msimu uliofuata katika daraja la pili ikiwa na pointi hasi tatu.

Ama ubishi wa baraza, msimamo wa mwisho wa ligi unautolea hesabu. Rennes ilimaliza ya nne kwa pointi 66 ikaenda Ligi ya Europa. Nice ilimaliza ya tano, nayo kwa pointi 66, ikaangukia Ligi ya Conference, mashindano ya Ulaya ya ngazi ya chini yake, kwa kuwa Rennes iliizidi kwa tofauti ya mabao. Ile pointi moja iliyokatwa kwa sababu ya usiku wa Agosti ingeifikisha 67.